Arbuni ya karoti za Gare na "opsheni" za kwenye simu: je, ni kitu kimoja?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Suali limetufikia kutoka kwa aila moja ya Pemba yenye biashara ya mboga. Mama wa aila hiyo hununua karoti na kabichi huko Gare, wilaya ya Lushoto, na humpa mkulima pesa kidogo za kutangulia ili mzigo usiuzwe kwa mwengine. Mwanawe, kijana aliyemaliza chuo, anafanya biashara ya opsheni kwenye simu. Amemwomba mama yake amtilie mtaji wa msimu huu, na alipoulizwa kama jambo hilo ni halali alijibu hivi: "Mama, unachofanya wewe Gare ndicho ninachofanya mimi. Tofauti ni kwamba mimi sishughuliki na bei, nashughulika na mtikisiko wa bei." Mama anauliza: je, anasema kweli? Na ikiwa ni kweli, nani kati yetu aliye makosani?

Tumelirefusha jibu makusudi, kwa sababu maneno ya kijana yamechanganya haki na batili, na kwa sababu masuali ya namna hii yanazidi visiwani. Tena tumwambie mama mapema kwamba jibu lina sehemu inayomhusu yeye mwenyewe.

Kwanza tuelewe anachokisema kijana

Gare ni kata ya milimani, katika Usambara Magharibi. Mabonde yake hulimwa mboga za baridi: karoti, kabichi, hoho, mbatata, tungule. Mzigo hushuka kwa barabara ya Soni yenye makona mpaka Mombo, na kutoka hapo huenda Tanga au Dar es Salaam, na sehemu yake huvuka bahari mpaka kwetu. Mvua ikizidi, njia huharibika na bei mjini hupanda. Mvua ikiwa nzuri na kila mtu akavuna wiki moja, bei huanguka mpaka mkulima anashindwa kulipa gharama za kuvuna. Kwa hiyo haki ya kununua baadaye kwa bei ya leo ni kitu chenye thamani, na hilo kila mchuuzi analijua bila ya kufundishwa.

Thamani hiyo inapimwaje? Tuchukue gunia moja la karoti ambalo leo ni shilingi 40,000 (hesabu hizi ni za mfano tu). Tuseme ni msimu wa utulivu, na baada ya wiki nne bei itakuwa ama 38,000 au 42,000, nafasi sawa kwa sawa. Mtu anakuuzia haki ya kununua gunia hilo kwa 40,000 siku hiyo, wala hakulazimishi. Bei ikipanda, haki yako ina faida ya 2,000. Ikishuka, unaiacha na unanunua sokoni kwa bei rahisi. Nusu ya 2,000 ni 1,000, na hiyo ndiyo thamani ya haki hiyo kwa wastani.

Sasa tuseme masika yameingia, njia ya mashaka, na baada ya wiki nne bei itakuwa ama 20,000 au 60,000. Wastani haukubadilika, ni 40,000 ile ile. Gunia la leo pia ni 40,000. Lakini haki ya kununua kwa 40,000 sasa ina thamani ya nusu ya 20,000, yaani 10,000. Imepanda mara kumi na karoti hazikupanda hata shilingi moja. Kilichoongezeka ni kutojua tu.

Hapo ndipo penye siri ya biashara ya kijana. Mtu akikuuzia haki hiyo kwa 5,000, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kujua moyoni mwake anadhani bei itatikisika kiasi gani: 10,000 juu na 10,000 chini, baina ya 30,000 na 50,000. Yeye hakukwambia. Bei ya haki ndiyo iliyosema. Mtikisiko huo unaosomwa kutoka ndani ya bei ya opsheni ndio wanaouita mtikisiko unaodokezwa. Wafanyabiashara wa opsheni huutumia kama kipimo chao, kwa sababu bei ya opsheni peke yake haisemi kama ni ghali au rahisi: ya miezi mitatu lazima izidi ya mwezi mmoja, na ya kampuni yenye misukosuko lazima izidi ya kampuni tulivu. Wakizigeuza zote kuwa mtikisiko kwa mwaka, wanaweza kuzilinganisha, kama sisi tunavyolinganisha bei za magunia makubwa na madogo kwa kuzigeuza kuwa bei ya kilo. Katika masoko ya fedha za kigeni, mabenki huulizana bei kwa asilimia za mtikisiko, na malipo yenyewe hukokotolewa baadaye. Kama kipimo cha kukumbuka, mtikisiko wa asilimia 16 kwa mwaka ni takriban asilimia 1 kwa siku.

Hesabu yenyewe kwa namna yake ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 1973 na Fischer Black na Myron Scholes, na Robert Merton akaiendeleza. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, soko maalumu la opsheni za hisa lilifunguliwa Chicago. Kanuni yao inataka vitu vitano: bei ya leo, bei iliyokubaliwa, muda uliobaki, kiwango cha riba na mtikisiko. Vinne vya mwanzo vinaonekana na kila mtu. Cha tano hakionekani, na hicho ndicho kinachobishaniwa sokoni. (Msomaji atakuwa ameshaona kwamba riba imo ndani ya hesabu tangu mwanzo.)

Lipo jambo jengine ambalo kijana huenda hakumweleza mama yake. Anayefanya biashara hii kwa ukamilifu hununua au huuza hisa zenyewe kila siku kwa kiasi cha kufuta athari ya bei kupanda au kushuka, ili abaki na kitu kimoja tu mkononi, nao ni mtikisiko. Basi kauli yake kwamba hashughuliki na bei ni kweli tupu. Hana haja na hisa, kama ambavyo mtu wa namna hiyo Gare asingekuwa na haja na karoti.

Pesa zinazoingia kidogo kidogo

Wengi wa vijana hawanunui mtikisiko, wanauuza. Watu wakiwa na khofu, opsheni huwa ghali. Wao huuza wakati huo, hupokea malipo, na mara nyingi khofu hupita bila ya kutokea kitu, malipo yakabaki yao. Mwezi hadi mwezi inaonekana kama mshahara. Bila shaka kijana alimwonesha mama yake miezi hiyo kwenye simu.

Mwaka 1995, mwajiriwa wa benki ya Barings mjini Singapore, Nick Leeson, alikuwa ameuza kwa wingi opsheni za soko la hisa la Japani, kwa namna ambayo angefaidika soko likitulia. Tarehe 17 Januari zilzala kubwa ikapiga Kobe. Soko likayumba, naye akaongeza dau kujaribu kulirudisha. Mwisho wa Februari benki ilikuwa imekwisha, kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 800. Benki hiyo ilikuwapo tangu 1762. Nani angeweza kuingiza zilzala katika asilimia za mtikisiko?

Wala si ujinga wa mtu mmoja. Scholes na Merton, wale wale wenye kanuni, walitunukiwa zawadi ya Nobel mwaka 1997 huku wakiwa washirika katika mfuko uliouza mtikisiko kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1998 mfuko huo ulianguka na mabenki ya New York yakakusanyika kuuokoa. Na tarehe 5 Februari 2018 kipimo cha khofu cha soko la Marekani kilipanda zaidi ya mara mbili kwa siku moja, na bidhaa moja mashuhuri iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida biashara hii ya "kuuza utulivu" ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake baina ya jioni na asubuhi, kisha ikafungwa.

Anayenunua opsheni hasara yake ina mpaka, ni alicholipa. Anayeuza bila ya kuwa na mali mkononi hasara yake inaweza kuzidi mtaji wote. Mama anayeombwa mtaji alijue hili hata kabla ya kuuliza halali na haramu.

Na ziko "opsheni" nyengine za kwenye simu ambazo si hizi kabisa: unabashiri bei itakuwa juu au chini baada ya dakika tano, ukipatia unalipwa, ukikosea zinakwenda. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 kuwauzia wananchi wa kawaida bidhaa hiyo. Hiyo ni kamari, na hatudhani inahitaji maelezo zaidi.

Hukumu ya mtikisiko unaouzwa

Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar, kama ilivyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi Muslim. Gharar ni kuuza kitu ambacho mwisho wake umefichikana. Wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi ambaye ni tegemeo la madhehebu yetu ya Shafi, wameeleza kwamba gharar ndogo isiyoepukika husamehewa, kama misingi ya nyumba ambayo mnunuzi haioni. Biashara zote zina hatari, na hatari ya mfanyabiashara si haramu. Mama anaponunua karoti hajui bei ya Wete itakuwaje mzigo ukifika, na hilo halimtii makosani, kwa sababu anachouziwa ni karoti na kutojua kumefuatana nazo.

Katika biashara ya kijana mambo yamegeuka. Bidhaa imeondolewa kwa makusudi, kwa ile hesabu ya kila siku, na kilichobaki kuuzwa na kununuliwa ni kule kutojua kwenyewe. Kinapimwa, kinapewa bei, kinauzwa mkono kwa mkono. Kwa maoni yetu ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa gharar iliyokuwa ndiyo asili ya mkataba. Faida ya huyu ni hasara ya yule kwa kiasi kile kile, na hakuna kilichohama baina yao isipokuwa pesa.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lililitazama suala la opsheni katika kikao chake cha saba mwaka 1992. Likaamua kwamba mikataba ya opsheni kama inavyofanyika katika masoko ya dunia haijuzu, kwa kuwa kinachouzwa si mali, si manufaa, wala si haki ya kifedha inayoweza kubadilishwa. Wapo waliokhitalifu: Mohammad Hashim Kamali, aliyefundisha miaka mingi Malaysia, ameona kwamba opsheni za bidhaa zinaweza kukubalika zikiwa ni kwa ajili ya kujikinga na hasara halisi. Hoja yake inastahiki heshima. Lakini hata mtu akiichukua, haimfikii kijana wetu, ambaye hana mzigo wowote wa kuukinga.

Kukijua kipimo hicho si haramu. Mwenye kuagiza mchele kwa dola akitazama soko linakhofu kiasi gani kabla ya kupanga safari yake, hiyo ni tahadhari.

Neno khiyari

Kijana anaweza kusema, na wengi wamesema, kwamba opsheni kwa Kiarabu ni khiyari, na khiyari imo katika vitabu vya fiqhi. Ni kweli imo. Lakini khiyari ya sharia ni haki inayofuatana na mauzo halisi: ya kikao kabla ya wauzianaji kuachana, ya aibu ikidhihiri kasoro, na ya sharti, ambayo kwa Mashafi haizidi siku tatu. Hainunuliwi peke yake wala haiuzwi kwa mtu wa tatu. Hupewa ili aliyepatana asidhulumike.

Visiwani mwetu neno hili limewahi kutumika kufunika jambo jengine. Wazee wanaikumbuka bei khiyari ya mashamba ya mikarafuu. Mwenye shamba aliyehitaji pesa "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake na kubakisha khiyari ya kulirudisha ndani ya muda. Kisha akakaa humo humo akilipa kodi, na kodi hiyo ikawa ndiyo riba. Muda ukipita, shamba limekwenda. Mashamba mengi yalielemewa na madeni hata serikali ya Kiingereza ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Mauzo ya namna hii, ambayo vitabu vyengine huyaita bei ya wafaa, Baraza la Jeddah liliyakataa katika kikao kile kile cha 1992. Jina la khiyari halikuwasaidia waliopoteza mikarafuu.

Na mama je?

Arbuni, yaani pesa za kutangulia ambazo mnunuzi huziacha akighairi, ina khitilafu ya zamani. Jamhuri ya wanavyuoni, na Imam Shafi miongoni mwao, wameizuia. Imam Ahmad ameijuzisha, akitegemea kisa cha nyumba iliyonunuliwa Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya Khalifa Umar (R.A.), kwa makubaliano kwamba Umar asiporidhia Safwan atapata dirham 400. Baraza la Jeddah, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, lilichukua kauli ya kujuzu kwa sharti muda wa kungoja uwe umewekwa, na arbuni ihesabiwe ndani ya bei mauzo yakitimia.

Hapo tofauti yake na opsheni inaonekana. Mama akichukua magunia yake, laki aliyotanguliza imo katika bei. Anayenunua opsheni malipo yake hayarudi wala hayahesabiwi, achukue asichukue. Mama hawezi kumuuzia mtu wa tatu arbuni yake, na nia yake ni karoti. Basi kijana hakusema kweli kwamba ni kitu kimoja. Mwenye kufuata kauli ya Baraza katika hili hatumlaumu.

Lakini mama ametueleza kwamba hutoa arbuni wakati karoti bado changa, kwa kipande fulani cha shamba la mkulima fulani, bei ikiwa imeshakatwa. Hili ni tatizo jengine. Katika hadithi ya Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuiva kwake, na akauliza, kwa maana, iwapo Allah ameyazuia matunda, mtu atahalalisha kwa nini mali ya ndugu yake? Isitoshe, karoti imo ndani ya udongo. Wanavyuoni wa zamani waliitaja kwa jina lake: Mashafi hawajuzishi kuiuza ingali ardhini kwa kuwa haionekani, na Maliki amejuzisha ikishakomaa. Karoti changa haipiti kwa kauli ya yeyote kati yao. Mauzo yakiwa hayakusihi, arbuni juu yake haisimami. Na mkulima wa Gare ambaye mvua imechukua tuta lake zima asidaiwe mzigo usiokuwapo. Arudishe alichopokea, basi.

Njia ipo, na ni kongwe. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza pesa za matunda kwa mwaka na miaka miwili, akawaelekeza iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana, kama alivyopokea Ibn Abbas (R.A.). Hiyo ni biashara ya salam. Mama alipe bei yote pale pale, wala si sehemu yake, kwa sababu arbuni haiingii katika salam. Asitaje shamba, ataje karoti za namna fulani, ubora fulani, kilo kadhaa, tarehe fulani, zikabidhiwe Gare, au Mombo, au bandarini Tanga. Mkulima akikosa za kwake atanunua kwa jirani na kutimiza.

Kilo, tunarejea, si magunia. Lumbesa, lile gunia lililovishwa kilemba mpaka halifungiki, ni marufuku kwa sheria ya vipimo ya nchi, na katika salam huharibu mkataba wenyewe kwa kuwa uzani wake haujulikani. Anayedhulumiwa hapo ni mkulima, na wanunuzi wa visiwani wamo miongoni mwa wanaoidai.

Ikiwa mama hana pesa za kulipa zote mapema, na aahidiane na mkulima bila ya kutoa kitu, kisha wauziane karoti zikishang'olewa na kuonekana. Akitaka kutoa arbuni kwa siku chache wakati huo, wakati mzigo upo mbele yake, ndipo penye ile khitilafu nyepesi tuliyoitaja.

Kuhusu kijana: mtaji wa msimu usitiwe humo. Mikataba aliyoiuza na bado iko wazi aifunge sasa, hata kwa hasara, kwa sababu kila siku inayobaki wazi ni mlango wa deni juu ya aila. Mtaji wake wa asili ni wake. Faida iliyopatikana baada ya kujua hukumu aitoe kwa mafakiri au maslaha ya watu, kwa kujitakasa, asiihesabu sadaka. Iliyopatikana kabla ya kujua, na imeshaliwa, tunataraji hana juu yake zaidi ya toba. Na ikiwa kweli ana kichwa cha hesabu hizi, mama yake anahitaji mtu wa kumwandikia mikataba ya salam kabla ya vuli, kwa kilo na tarehe, nakala moja ibaki Gare.

Wallahu a'lam.